Namna ya kuishi na mutu mwenye anaona maadui fasi yote (na namna ya kujichunga weye mwenyewe)

Hapa Bukavu ukimuletea mugeni bia ya Primus yenye umeshafungua ni kama umemutukana. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yake, na kama ni kasiksi (pombe ya ndizi) weye mwenye nyumba njo unaonja wa kwanza, halafu unamupatia. Akienda choo akarudi, ile glasi hataigusa tena, ataomba ingine, na hakuna mutu atakasirika juu wote tunajua anaogopa karuho, ile sumu ya kutiliwa mu kinywaji. Sasa mu muji kama hii, mutu akiniuliza "ntajuaje kama ndugu yangu anagonjwa paranoya ao anajichunga tu sawa sisi wote", simuchekaki, ni swali ya nguvu, sisi wenyewe mu familia ilituchukua karibu mwaka muzima kuijibu na tuliijibu vibaya mbele ya kuijibu vizuri.

Naandika juu ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa. Ameniruhusu, alisema niseme yote ila jina yake nisiweke.

Yaya alikuwa kambisti, anabadilishaka dola na franka pale Kadutu, na kambisti hapa kwetu ni mutu mwenye wezi wanamufuata kweli, haiko hadisi. Usiku moja walimungojea ku mulango ya parsele, wakabeba sakoshi, wakamupiga kichwa na kitako ya silaha. Kisha pale alianza kubadilisha njia ya kurudia nyumbani, sisi wote tukasema ni akili. Halafu akaanza kuona motari moja wa kasike nyekundu. Halafu akaona kasike nyekundu ni nyingi mu muji, ndiyo kusema ni kikundi. Halafu jirani mwenye anakohoaka asubui akipita, kumbe anawapatia alama. Haikufika miezi tano yaya akawa hakuli tena kitu yenye haina ganda: mayai anachemsha mwenyewe, ndizi, avoka, karanga za maganda. Bibi yake anapika sombe na sambaza, harufu inajaa parsele yote, na yeye eko mu kona anamenya yai, analigeuza-geuza kuangalia kama halina tundu ya sindano.

Usipime kama adui eko, pima njia

Kosa ya kwanza ni kumupima mutu kwa kuuliza kama kitu yenye anaogopa iko ao haiko. Wezi wako. Sumu iko. Tangu waasi wa M23 waingie muji Februari 2025 watu wanashusha sauti wakianza mambo fulani, hata mimi hapa napita mbio, na hiyo si ugonjwa wa mutu yeyote. Ukipima hivyo utakuta muji yote ni wagonjwa ao hakuna hata moja.

Mimi naangalia njia yenye wazo ilipitia. Muulize pole, siku yenye ametulia kidogo: ni kitu gani ukiiona utasema "hapa nilikosea"? Mutu mwenye anajichunga tu atakuwa na jibu, atasema nikigundua ule motari ni mutoto wa jirani, basi, imeisha. Yaya nilimuuliza, "na siku hawatakufuata?" Akanijibu bila kufikiri: "Siku hiyo njo wamejificha vizuri." Umeona? Kufuatwa ni ushahidi, kutofuatwa pia ni ushahidi, hakuna fasi yenye swali inaweza kuingilia. Kingine ni duara: ya mutu muzima inabakia pale pale, mwizi ni mwizi, lakini ya mugonjwa inakula watu wa karibu siku kwa siku, jirani, rafiki, kisha mwenye mulilala naye kitanda moja. Na angalia usingizi na kinywa. Mutu mwenye hofu imemukatia kulala na kula, hata kama hofu yake ni ya kweli mia kwa mia, anaomba musaada.

Vile inaingia mu kichwa

Mu 1988 kulitoka utafiti wa Uingereza, ule mutindo unarudiliwa mpaka leo. Mufano weye uko na vyombo mbili za maharagi. Kimoja kiko na mekundu 85 na meupe 15, kile kingine ni kinyume. Wanakificha kimoja, wanakutolea haragi moja moja (wao walitumia shanga), na weye utasema stop saa yenye una hakika ni chombo gani. Watu wengi wanangojea waone kadhaa. Wale wenye kuwa na imani ya kufuatwa-fuatwa, wengi wao wanakata kisa kisha moja ao mbili tu. Si wajinga, wanahesabu vizuri, ila wanafika mbio. Usiifanye nyumbani kama tesi ya kumukamata mutu, haitumiki hivyo, naileta juu ilinisaidia kuelewa yaya: kikohozi moja, haragi moja, kisa imekatwa, jirani ni adui.

Na usijione uko mbali naye. Mu 2008 kule London mwanasaikolojia Daniel Freeman na wenzake walivalisha watu 200 wa kawaida miwani ya kompyuta, wakajiona mu treni pamoja na abiria wa kutengenezwa wenye hawakupangiwa kufanya ubaya wowote, wanakaa tu, wanatazama, moja anatabasamu. Zaidi ya watu 40 kwa 100 walitoka na angalau wazo moja ya kwamba abiria fulani hawatakii mema. Na hiyo ni treni ya bandia, sasa waweke mu taksi-bisi ya kwenda Panzi saa ya jioni, mutu goti yake iko mu mbavu yako na mwingine anaangalia telefone yako.

Vile mimi nimeelewa, mwili unaanza, kichwa inafuata. Kisha kupigwa yaya hakulala vizuri, moyo unapiga, jasho, na kichwa haipendi hofu yenye haina mwenyewe, inamutafutia mwenyewe. Ikimupata, kuna raha fulani, eeh, yaya alinieleza hii baadaye: siku alijua "ni kikundi" alisikia kama mutu amewasha taa mu nyumba, vitu zote zikakuwa na maana. Njo maana hawaiachake kirahisi. Kisha kuna ile ya kukwepa. Juu hapiti tena mbele ya motari, hataona siku moja kwamba motari hana shida naye. Juu anakula mayai na hakufa, basi mayai njo yamemuokoa, na kesho atachemsha tena.

Vile tulikosea (soma hii mara mbili)

Mimi nilikuwa wa kubisha. Nilimupeleka mpaka kwa jirani wa kikohozi, nikamuonyesha na sirop ya kikohozi. Alirudi akisema hata sirop walinunua juu ya kumudanganya, na sasa mimi nikawa na alama ya kuuliza. Kila ushahidi unaleta unamupa kazi ya kujenga ukuta mupya.

Mama yangu akaenda upande ingine, alikuwa anakubali. Mutoto wake analia kwamba wanamuroga, mama atafanya nini, mwanzo alikubali juu ya kumutuliza, kisha wiki kadhaa akawa yeye pia anasikia motari anazima moto mbele ya parsele. Madaktari wawili Wafaransa, Lasègue na Falret, waliandika juu ya hiyo kitu tangu 1877, wazimu wa watu wawili, moja anaanza na mwingine wa karibu anaibeba, na waliona kuwatenganisha kunamusaidia ule wa pili. Sisi hatukujua hayo yote, tulimupeleka mama Goma kwa tantine na bato juu alikuwa amechoka. Alirudi kisha wiki tatu anajiuliza, "lakini mie nilikuwa naona nini?"

Halafu kosa ya tatu, hii niko naandika mukono unatetemeka. Infirmiye moja wa kartie alituuzia haloperidoli ya matone, dawa ya wagonjwa wa akili. Haina rangi, haina ladha. Akasema mutie mu chai, hatajua. Na mutu pekee mwenye yaya alikuwa bado anapokea chai mu mikono yake, ni mimi. Nikatia. Usiku ule shingo yake ikapinda, ikaenda upande na haitaki kurudi, taya imekaza, ulimi unatoka inje, macho yamepanda juu. Tulimukimbiza ku santre, wakamupiga sindano, ikaachilia kabla ya nusu saa, walitueleza ile dawa inafanyaka hivyo hasa kwa wanaume vijana na iko na dawa yake ya kuizuia. Lakini weye fikiria uko mu nafasi yake. Miezi na miezi unasema watakutilia kitu mu kinywaji, wanakuita fu (wazimu), na siku moja mudogo wako anakutilia kweli, na unapinda shingo. Tulimufanyia karuho kwa mikono yetu.

Kwa hiyo usimufichie mutu dawa mu chakula. Hata dokta wa kartie akikuambia. Nilimuambia ukweli kesho yake, hakusema na mimi wiki mbili, na bado naamini kile kilichotusaidia kufika ku hospitali ni kwamba nilimuambia mwenyewe mbele ya agundue.

Vile unasema naye

Usibishe, usikubali, shika hofu yake peke yake. Mimi nilikuwa nasema hivi: "Yaya, naona unaogopa, na mutu akiogopa hivyo mwili unaisha. Mimi sioni ile yenye unaona, lakini sikuiti mwongo. Usiku ulilala saa ngapi?" Mara nyingi ile swali ya usingizi njo inafungua, juu kulala njo kitu anataka kweli, na hapo muko upande moja.

Kaa kando yake, usikae mbele yake macho kwa macho, kutembea pamoja ni bora zaidi, sisi tulisema mengi tukishuka na miguu mpaka Nyawera kuliko mu salo. Usinong'one mu nyumba. Kama muko munasema Kiswahili na yeye akaingia, musirukie Mashi ao Kifaransa, hata kama habari ni ya mbuzi. Telefone ikilia jibu pale pale mbele yake, usitoke inje. Usimucheke, na watoto wasimuige. Ahadi ndogo uitimize kwa saa yake: ukisema unarudi saa kumi, saa kumi. Vitu hivi vinaonekana vya bure lakini yeye anavihesabu vyote.

Chakula tulikuwa na shida kubwa juu alipungua mpaka suruali inaanguka. Kile kilichofaa ni kurudia desturi ya zamani, ugali moja mu sahani moja, wote mikono ndani, na yeye anakata wa kwanza fasi yenye anataka. Bibi yake akaanza kupikia inje ku mbabula mbele yake, bila kusema "ona basi, hakuna sumu", anapika tu. Maji ya chupa yenye bado imefungwa. Utaniambia hiyo ni kuilisha hofu. Ndiyo, kidogo, lakini mutu mwenye njaa na bila usingizi haponi kitu yeyote, kwanza ale.

Anzia ku mwili

Mbele ya kusema ni kichwa, pima damu. Malaria kali inaweza kumufanya mutu aseme na kuta, na tifoidi pia, na kwa wazee hata ugonjwa wa mukojo. Muzee mwenye masikio yanaanza kufa ataona watu wanamusengenya juu anaona midomo inatembea na hasikii kitu, huyo mupimie masikio mbele ya kumuita mugonjwa wa akili. Uliza juu ya bangi na pombe, na hata kuacha pombe ghafula. Na uliza, hasa mabinti, juu ya vidonge vya kunenepesha, vile wanauza ku soko kwa kipimo: ndani mara nyingi ni deksametazoni (dawa kali ya kuzuia uvimbe), na hiyo ikizidi inaweza kumuchanganya mutu kabisa. Ambia dokta kama alipigwa kichwa. Sisi tulisahau kusema, fikiria.

Maombi na majina

Mimi sikatai maombi, nyumba yetu ni ya maombi. Lakini tulimupeleka mu chumba moja ya sala, siku saba bila kula na mikesha kila usiku, na nabii akamuambia "mutu wa karibu, mwanamuke, anakula ugali na weye". Alirudi usiku ule akamutupa bibi yake inje na watoto. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumuvuruga hata mutu muzima, na wao walimunyima usingizi siku saba kisha wakamupatia jina. Kama unapeleka ndugu yako kwenye sala, tafuta muchungaji mwenye anaombea mutu bila kutafuta muchawi, na mwenye atakuambia endelea na dawa.

Hapo hapo kuna kitu ya haraka kuliko zote. Mugonjwa wako akianza kutaja jina ya jirani mbele ya watu, hasa mama muzee, usingoje. Tunajua kartie zetu, jina ikishafika ku robine asubui, jioni vijana wako na mafuta na mipira ya gari. Nenda kwa ule jirani weye mwenyewe, muambie ndugu yetu anagonjwa, na muambie shefu wa avenie. Aibu ya familia itaisha, ule mama akichomwa harudi. Pia usingoje kama eko na kisu ao silaha chini ya muto wa kulalia, kama anasikia sauti zinamuamuru, ao siku mbili hajakula wala kunywa.

Ku hospitali

Bukavu hospitali ya wagonjwa wa akili ni SOSAME. Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna senta ya Joseph Guislain, zote tatu ziko na mukono wa Bafurere wa Charité, watawa Wakatoliki. Watu wanaogopa juu ya jina, wanasema ukionekana pale umekwisha. Enda asubui, na mutu moja tu mwenye anamuamini, si familia yote mu taksi tatu kama harusi. Usimuambie tunaenda ku ndoa ao ku benki. Sisi tulimuambia: tunaenda juu ya usingizi, na pale wanatibu watu wenye vichwa vimechoka. Akasema ntaingia lakini mulango ibakie wazi. Ikabakia wazi.

Dawa alipewa, unaweza kucheka, ilikuwa ile ile haloperidoli. Ni dawa ya zamani, Mubeljiki Paul Janssen na watu wake waliitengeneza mu 1958. Tofauti ni kwamba sasa aliona kidonge, akasoma jina, alianza na kipimo kidogo, na walimupatia pamoja na triheksifenidili, watu wanaijua kwa jina Artane, juu ya shingo. Uliza hiyo dawa ya pili mbele ya kutoka, usione haya. Usingizi unarudi mwanzo, mawazo yanachukua wiki nyingi, na hayatoki kwa ghafula, yanapungua sauti. Yaya alisema kikundi hakikuondoka, kilianza kumuchosha. Wengi wanaacha dawa pale pale wanaanza kujisikia vizuri, yeye pia aliacha, kisha mwezi na nusu tukarudia mwanzo. Ukiona inamufanya kama gogo rudi kwa dokta abadilishe, usikate mwenyewe.

Na kama ni weye

Usiku usikate kisa. Mimi nimejiwekea hiyo sheria: wazo yenye imekuja kisha saa nne ya usiku ntaiangalia tena nikisha kunywa chai ya asubui, siandiki mesaje, siiti mutu kumuuliza "kwa nini ulinitazama vile". Andika ku kartasi kile uliona kwa macho (motari alisimama) mbali na kile ulijazia (ananingojea), utashangaa upande wa kwanza ni mufupi. Kuwa na mutu moja wa kumuuliza "hii nimeona sawa?", na muchague ukiwa muzima, juu ukiisha ingia ndani hutamuamini mutu mupya.

Na grupu za WhatsApp, toka mu nusu yao. Nakumbuka Ebola, tangu ilitangazwa Agosti 2018 kule Nord-Kivu mpaka ikafika kwetu Mwenga mwaka uliofuata, odio zilikuwa zinapita kwamba ni biashara, sindano njo inaleta ugonjwa, na watu hawakuwa wajinga, walikuwa wamedanganywa mara nyingi na wakubwa. Ila zaidi ya watu 2.200 walikufa. Odio yenye inakufanya moyo upige, mupigie mutu mwenye eko pale pale mbele ya kuirusha.

Yaya hakurudi ku kubadilisha dola, anauza vifaa vya telefone sasa na bibi yake alirudi na watoto kisha miezi. Anakula ku sahani moja na sisi. Bado anafungua chupa yake mwenyewe, hapo hatumusemeshi, na mimi pia nafungua yangu. Ila tumekubaliana naye alama moja, yeye mwenyewe njo aliichagua: siku atanunua mayai zaidi ya kumi na kuyachemsha peke yake, nampigia dokta bila kumuomba ruhusa. Mwezi uliopita niliona plato nzima ya mayai ku meza. Niliuliza kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa ya kipaimara ya mutoto, lakini alijua juu ya nini nauliza, akanisogezea moja, akaniambia menya.